Dakika Mia Mbili za Kugawana

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu wa michezo na watumishi wa Serikali, Rau, Moshi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi huonekana dogo: ni kwa kipimo gani mwalimu wa timu ya mpira wa kikapu, hasa timu inayojengwa upya, anaamua nani aingie uwanjani, acheze kwa muda gani, na nani akae benchi. Nasema huonekana dogo kwa sababu watazamaji huja kuhesabu vikapu, na magazeti huchapa matokeo. Lakini kila aliyewahi kulea vijana anafahamu kwamba kijana hasahau dakika alizonyimwa. Mchezo aliofungwa atausahau. Msimu mzima alioumaliza akiwa na jezi isiyo na jasho hausahau. Wapo walioacha mchezo kwa ajili hiyo, na wapo walioacha, pamoja na mchezo, imani yao kwamba juhudi hulipwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya dakika, tunazungumza juu ya haki.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kwa kanuni za kimataifa mchezo wa kikapu una dakika 40, yaani robo nne za dakika 10. Kila timu ina watu watano uwanjani. Tano mara arobaini ni 200. Hizo dakika 200 ndizo bajeti yote ya mwalimu. Haziongezeki isipokuwa timu zikitoka sare na kuongezewa dakika 5. Wachezaji walioandikishwa ni 12. Akizigawa sawasawa, kila mmoja hapati hata dakika 17. Na kila dakika anayompa mmoja lazima aitoe kwa mwenziwe. Hakuna ghala jingine la kuchota.

Hata hivyo mchezo huu umempa mwalimu nafuu ambayo mwenzake wa kandanda hana. Katika kandanda la mashindano, anayetolewa hutoka moja kwa moja. Katika kikapu mchezaji hutoka, akapumzika, akaelekezwa, akarudi, tena mara nyingi kadiri mwalimu apendavyo, mradi hajatimiza madhambi matano. Kwa hiyo kumtoa mtu uwanjani hakukukusudiwa kuwa hukumu. Ni sisi tulioligeuza benchi kuwa mahabusu.

Ndugu walimu, watu wakisema "timu inayojengwa upya" hudhani ni timu iliyopatwa na msiba: imeshuka daraja, au imepoteza nyota wake kwa mkupuo. Kwa timu ya shule sivyo. Kila mwaka kidato cha nne kinaondoka, nacho huondoka na wale warefu, wale wazoefu, wale waliokwisha kujua kusoma mchezo. Mwezi Januari mwalimu huwa ana mpira uleule, uwanja uleule wa saruji au wa vumbi, na nyuso mpya. Timu ya shule, ya wavulana kwa wasichana, hujengwa upya kila mwaka. Kujenga upya si dharura yake; ndiyo hali yake ya kawaida. Mwalimu asiyelikubali jambo hili hugawa dakika kana kwamba dunia itakwisha mwezi Juni.

Wananchi wa miteremko hii hawahitaji kufundishwa habari hizo na mtu wa gazeti. Mkulima mwenye mibuni iliyozeeka, inayosumbuliwa na chulebuni na kutu ya majani, anajua kwamba miche bora iliyotafitiwa Lyamungo ipo. Lakini haamki asubuhi moja akang'oa shamba zima. Akifanya hivyo, ada ya watoto ataitoa wapi katika miaka ile mitatu hivi ya kungoja mche mpya uzae? Wala haiachi mibuni ya zamani mpaka yote ikauke, maana siku hiyo atakuwa hana kahawa wala mche. Hung'oa mstari mmoja, akapanda mstari mmoja, akavuna pale penye mavuno huku akipalilia pale pasipo na mavuno bado. Mwalimu wa timu inayojengwa upya ana shamba la namna hiyo, na dakika ndizo ardhi yake.

Makosa ya walimu, basi, ni mawili, nayo yanapingana. La kwanza ni kuvuna tu: kuwapa watano wa kidato cha nne karibu dakika zote, kuchukua kikombe, kisha mwaka unaofuata kuingia uwanjani na vijana ambao hawajawahi kusikia filimbi ya mwamuzi ikiwalenga wao. La pili ni kung'oa tu: kuwaweka wazee kando siku moja kwa jina la maendeleo, na kuwatupa watoto watano mbele ya timu zilizokomaa, wafungwe, wafungwe tena, hata waone kufungwa ni desturi.

Kosa hili la pili lina mfano maarufu Marekani, katika ligi ya kulipwa ya NBA. Kuanzia mwaka 2013 timu ya Philadelphia 76ers iliamua kujijenga kwa vijana karibu watupu, ikikubali kufungwa, kwa kuwa katika ligi ile timu iliyofanya vibaya hupewa nafasi nzuri zaidi ya kuteua chipukizi wa mwaka unaofuata. Msimu wa 2015 hadi 2016 ilishinda michezo 10 ikafungwa 72. Katikati ya msimu huo, Januari 2016, ililazimika kumwita Elton Brand, mkongwe wa miaka 36, aje kuwa mlezi wa vijana zaidi kuliko mfungaji wa vikapu. Timu ile iliinuka baadaye, na mwaka 2018 ilishinda michezo 52. Lakini kadhaa wa vijana waliotangulia kubeba vipigo vile, akiwamo Michael Carter-Williams aliyetangazwa mchezaji bora kati ya wageni wa ligi mwaka 2014, walikuwa wamekwisha kuuzwa kwingine. Na tukumbuke: shule inayofungwa haipewi zawadi ya kuteua chipukizi. Kwetu kufungwa kwa makusudi hakuna faida hata ya senti moja.

Mfano ulio karibu zaidi na nyoyo zetu ni wa kijana wetu wenyewe. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wamekwisha kucheza nusu ya maisha yao. Akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamteua, akiwa wa pili kati ya chipukizi wote walioteuliwa mwaka ule. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi hiyo. James Harden aliteuliwa baada yake, na Stephen Curry baada yao wote wawili.

Memphis ilikuwa timu inayojengwa upya kwa maana kamili ya maneno hayo. Msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda michezo 24 na kufungwa 58. Mtu angedhani kwamba timu ya namna hiyo ina dakika za kumwaga. Tuzihesabu. Mchezo wa NBA ni dakika 48, kwa hiyo nafasi mbili za watu warefu walio karibu na kikapu zina dakika 96. Marc Gasol, Mhispania aliyeingia mwaka mmoja kabla, alikuwa akicheza takribani dakika 36 kila mchezo. Zach Randolph, aliyeletwa mwaka huo huo wa 2009, alikuwa akicheza karibu dakika 38. Zinabaki dakika 22 hivi, na hizo zilikuwa na wagombea zaidi ya mmoja. Hasheem alipata wastani wa dakika 13.

Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya Dakota Wizards, kwenye ligi ndogo ya maendeleo. Hakuna aliyekuwa ameteuliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko kabla yake, na wengi waliliona jambo hilo kuwa fedheha. Mimi naliona kwa jicho jingine. Kocha Lionel Hollins alikuwa na timu iliyoanza kushinda. Ilimaliza msimu kwa michezo 40 iliyoshinda na 42 iliyofungwa. Dakika za kumfundishia kijana hazikuwapo pale, zikatafutwa mahali pengine. Fedheha ni kumwacha kijana mwenye kiu ya kujifunza akae benchi mwaka mzima akipiga makofi.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, Memphis ilimpeleka Hasheem Houston pamoja na mwenziwe, na haki ya kuteua chipukizi mmoja, ili impate Shane Battier, mtu mzima aliyekuwa ameanzia kazi yake Memphis mwaka 2001. Maana yake timu ilikuwa imeamua kwamba majira ya kupanda yamekwisha na majira ya kuvuna yamewadia. Miezi miwili haikupita, Battier akafunga mrusho wa mbali uliowapa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu ile, dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa wameongoza upande wao wa ligi; na Memphis ikawatoa kwa michezo minne kwa miwili.

Je, tuseme kwamba kijana wetu alishindwa? La hasha. Alicheza katika ligi ile mpaka mwaka 2014, akipita katika timu nne. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa dakika hutegemea mambo matatu kwa pamoja: kijana mwenyewe, walio mbele yake katika nafasi ile, na hatua ambayo timu imefikia. Kijana anayelaumu nafsi yake peke yake hukosea, na mwalimu anayemlaumu kijana peke yake hukosea zaidi. Timu hiyo hiyo ya Memphis ilikuwa na waongoza mchezo wawili vijana, Kyle Lowry na Mike Conley, waliogawana dakika za nafasi moja. Mwaka 2009 klabu ilimchagua Conley, ikamwachia Lowry aende zake. Conley alidumu Memphis mpaka mwaka 2019, na chaguo hilo halikuwa baya. Lakini mwaka huo huo wa 2019 Lowry alitwaa ubingwa wa NBA akiwa na Toronto, na pembeni yake alikuwapo Marc Gasol. Aliyepunguziwa hapa hakupunguziwa kila mahali. Mwalimu akilijua hilo atamtoa kijana kwa heshima, na kijana akilijua hilo hatatupa mpira kichakani.

Sasa, ndugu zangu, turudi katika viwanja vyetu. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, kusudi la msimu litangazwe kabla ya mchezo wa kwanza, mbele ya wachezaji wote. Watu wa mlimani wamegawana maji ya mifereji kwa zamu tangu enzi za mababu. Mtu mwenye zamu fupi huvumilia, mradi zamu yake inajulikana na inaheshimiwa. Ugomvi huanza siku anapogundua kwamba jirani amefungulia maji usiku. Na dakika ni hivyo hivyo. Kijana aliyeambiwa mapema, "Mwaka huu utapata dakika saba, na hizi ndizo sababu, na hili ndilo litakalokuongezea," hukaa benchi akiwa mwanafunzi. Asiyeambiwa kitu hukaa pale akiwa mshitaki.

Pili, mgawanyo uandikwe. Chukueni mfano wa timu yenye wazoefu watatu, wanaoinukia wanne, wapya watatu, na wawili ambao ndio kwanza wanajifunza kudunda mpira. Wazoefu wapewe dakika 26 kila mmoja, jumla 78. Wanaoinukia 18 kila mmoja, jumla 72. Wapya 12 kila mmoja, jumla 36. Wale wawili 7 kila mmoja, jumla 14. Jumlisheni: ni 200 kamili. Si amri, mchezo una madhambi, una majeraha, una mpinzani mrefu asiyezuilika. Lakini mwalimu aliyeandika atajua amepotoka kwa kiasi gani, na kwa nini. Asiyeandika hugawa kwa hasira za dakika ile.

Tatu, wapya wachanganywe na wazoefu, na kila mpya apewe kazi moja inayopimika. Wasiingie watano kwa pamoja. Waingie wawili kati ya watatu wanaojua njia. Mmoja aambiwe, "Kazi yako ni kumzuia yule namba saba asiupokee mpira kwa raha." Akikosa kikapu, asitolewe, kukosa ni karo ya shule. Asiporudi mbio kulinda, atolewe mara moja, aelezwe, kisha arudishwe. Kijana hutambua upesi tofauti kati ya kosa la kujifunza na kosa la uvivu, mradi mwalimu mwenyewe anaitambua. Anayetolewa kwa kila mrusho uliokosea hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutorusha. Na sheria ya mazoezi iwe moja: asiyefika mazoezini asile dakika za aliyefika, hata akiwa ndiye mfungaji bora wa wilaya.

Nne, dakika zikikosekana katika timu ya kwanza, ziundwe. Timu ya pili, mchezo wa kirafiki na shule jirani, robo mbili za wapya kabla ya mchezo wenyewe: hayo hayahitaji fedha, yanahitaji filimbi na mtu wa kukubali kubaki jioni.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Yupo kijana wa kidato cha nne ambaye kwa miaka mitatu ameibeba timu mbovu. Alifungwa pamoja nayo, akafagia uwanja, akaazima viatu. Leo wamekuja watoto warefu wa kidato cha kwanza, na mwalimu anataka kuwapa sehemu ya dakika zake. Haki ya huyu iko wapi? Hatuwezi kumjibu kwa neno "maendeleo" tukadhani tumemaliza. Jibu langu ni kwamba dakika hazilingani uzito. Dakika ya kwanza ya robo ya pili si sawa na dakika ya mwisho ya mchezo ambao timu zinapishana kwa kikapu kimoja. Zile nyepesi tuwape wanaojifunza. Zile nzito ziwe za aliyezistahili kwa miaka mitatu. Apungue kutoka dakika 34 hadi 26, lakini tano za mwisho ziwe zake. Tena aambiwe waziwazi kwamba mtoto yule anayeingia badala yake ni mwanafunzi wake, na kwamba atakayoyafanya mwakani yatahesabiwa kuwa ni kazi ya mikono yake yeye. Mkongwe aliyepewa mtu wa kufundisha hajapunguziwa kitu, ameongezewa cheo. Aliyepewa benchi bila neno amedhulumiwa, hata kama hesabu ya mwalimu ilikuwa sahihi.

Najua mtaniambia kwamba mkuu wa shule anataka kikombe na mzazi anauliza kwa nini mwanawe hachezi. Mwalimu mwenye kusudi lililotangazwa na mgawanyo ulioandikwa ana cha kuwaonyesha wote wawili. Na kwa anayehesabu vikombe tu, nitamtajia James Naismith, mwalimu aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Marekani. Baadaye aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, akashinda michezo 55 na kufungwa 60. Mwenye mchezo wake alifungwa zaidi ya alivyoshinda! Lakini katika vijana aliowachezesha alikuwamo Phog Allen, aliyerithi kazi yake na kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa kikapu waliopata kutokea.

Nanyi ndugu watumishi msidhani kwamba haya ni ya wenye viatu vya mpira peke yao. Ziko ofisi ambamo mkubwa mmoja hushika majalada yote mazito mpaka siku anapotimiza miaka 60, kisha funguo za kabati zikakabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata barua moja ya maana kwa kalamu yake. Huyo naye alikaa benchi. Siku ofisi inapoyumba, lawama humwangukia yeye, wala hakuna anayeuliza nani aliyemnyima dakika.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema tumkunje wote kwa siku moja, wala hawakusema tungoje akauke. Msimu ujao mtakapokaa na orodha ya majina 12, chukueni kalamu, andikeni 200 juu ya karatasi, mgawane kwa sababu mnazoweza kuzisema kwa sauti mbele ya wachezaji wote. Sababu msiyoweza kuisema kwa sauti, ifuteni.